Mlango wa Wodi na Kilio cha Mtoto

Katika mambo ambayo binadamu ameyafanya kwa nia njema na kwa elimu nyingi, kisha yakamdhuru yule yule aliyekusudiwa kunufaika nayo, hapana budi kuihesabu desturi iliyotawala hospitali za Uingereza tangu karne ya 19 mpaka baada ya Vita Kuu vya Pili: desturi ya kumpokea mtoto mgonjwa mlangoni, kumtoa mikononi mwa mama yake, na kumrudisha mama nyumbani mpaka siku ya kuwatazama wagonjwa, siku ambayo pengine ilikuwa Jumapili ya juma lile, pengine ya juma lililofuata, na katika hospitali nyingine haikuwapo kabisa. Nimekusudia kusimulia jinsi desturi hiyo ilivyoingia, jinsi ilivyolindwa na watu wema, na jinsi ilivyovunjwa, kwa sababu nina yakini kwamba sehemu kubwa ya yale tuyajuayo leo juu ya hofu na wasiwasi wa watoto, na juu ya namna ya kuwasaidia kuustahimili, ilipatikana katika hoja na ugomvi uliozuka juu ya mlango ule.

Wazee wa utabibu hawakuanza hivyo. George Armstrong, tabibu aliyefungua zahanati ya watoto wa maskini mjini London mwaka 1769, alikataa katakata kuwalaza, akitoa hoja kwamba ukimtenga mtoto mgonjwa na mzazi wake au mlezi wake unamvunja moyo papo hapo. Basi mtoto akaja akatazamwa, akapewa dawa, akarudi kwao. Lakini mwezi wa Februari mwaka 1852 Charles West alifungua hospitali ya watoto katika mtaa wa Great Ormond ikiwa na vitanda 10, na baada yake hospitali za namna hiyo zikaenea mijini. Na zilipoenea, zikakutana na adui ambaye hapakuwa na silaha ya kumpiga. Dondakoo, surua, kifaduro na homa ya vipele vyekundu viliweza kuingia wodini mchana na kuchukua roho kabla juma halijaisha, na kabla ya penisilini kupatikana kwa wote, kinga iliyotegemewa ilikuwa kufunga mlango. Wageni wakaonekana kuwa wachukuzi wa maradhi, na mama akahesabiwa miongoni mwa wageni.

Hapo lazima tuwape watu wale haki yao, kwa kuwa hofu yao ilikuwa ya kweli na makaburi ya watoto yalikuwa ushahidi. Lawama ninayoiona ni nyingine: dawa zilipopatikana na maradhi yale yakapungua nguvu, mlango ulibaki umefungwa, na sababu mpya ikatafutwa ya kuufunga. Habari za hospitali kubwa za London zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 1949 zaonyesha kwamba katika Guy's wazazi waliruhusiwa Jumapili, tangu saa 8 hadi saa 10 mchana; katika St Thomas's mwezi wa kwanza hapakuwa na ruhusa, ila mzazi aliweza kuja kati ya saa 1 na saa 2 usiku akamtazama mwanawe amelala; na katika hospitali iliyoitwa London Hospital, mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 3 hakuruhusiwa kumkaribia, bali alimchungulia kutoka upande wa pili wa kizuizi. Fikiri, ewe msomaji, habari ya mtu aliyezaa, amesimama upande mmoja wa kioo, na mwanawe yuko upande wa pili, naye haruhusiwi hata kumwita kwa jina.

Sababu mpya ilikuwa utulivu. Wauguzi waliona kwamba mtoto hulia sana siku ya kwanza na ya pili, kisha hunyamaza, akala apewacho, akachomwa sindano bila vita. Na mama akija, kilio hufufuka, na wodi nzima ikachafuka. Kwa hiyo wakasema kwamba mama ndiye aletaye huzuni, na kwamba mtoto aliyenyamaza amezoea na amepona moyo. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya akili, tena ilitolewa na watu waliokesha na watoto usiku na mchana. Na kwa kuwa waliona kwa macho yao kwamba mtoto ametulia, hawakuona haja ya kuuliza ametuliaje.

Wachache waliuliza. Katika mji wa Newcastle, James Spence, tabibu aliyepata kutumika katika Vita Kuu vya Kwanza na ambaye baadaye alikuwa profesa wa afya ya watoto, aliwalaza akina mama pamoja na watoto wao katika hospitali ndogo ya watoto wachanga tangu katikati ya miaka ya 1920, mama akimwuguza mwanawe mwenyewe na muuguzi akimwongoza. Naye Spence alishikilia kwamba mama, mtoto na muuguzi wote watatu walitoka wamefaidika. Na mbali sana, katika nchi ya New Zealand, Henry Pickerill na mkewe Cecily, wapasuaji waliotengeneza midomo ya watoto waliozaliwa imepasuka, waliipindua kabisa hoja ya maambukizo: walitaka kila mtoto ashikwe na mama yake peke yake, kwa sababu vijidudu vya mama mtoto amekwisha kuvizoea, na vinavyomwua ni vile vinavyohamishwa na mikono ya wauguzi kutoka kitanda hiki hadi kile. Mifano hiyo miwili ilijulikana na kusifiwa, walakini kwa miaka mingi haikufuatwa.

Ndipo vikaja vita, na vita vikafanya jaribio ambalo hakuna mwanachuoni ambaye angethubutu kulifanya. Tangu tarehe 1 Septemba 1939, katika siku chache tu, takriban watu 1,500,000, wengi wao watoto wa shule, walihamishwa kutoka miji ya Uingereza na kupelekwa mashambani ili wasiuawe na mabomu. Anna Freud, ambaye alikuwa amekimbia Vienna mwaka uliotangulia pamoja na baba yake Sigmund, alifungua pamoja na rafiki yake Dorothy Burlingham nyumba za kulea watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead, London. Na humo, tangu mwaka 1941 mpaka 1945, waliandika kwa subira waliyoyaona kila siku. Waliona kwamba mtoto mdogo aliyekuwa na mama yake wakati wa mabomu alichukua hali ya mama: mama akitulia alilala, mama akitetemeka alitetemeka, na waliona kwamba kutengwa na mama kulimwumiza mtoto kuliko kishindo cha mabomu. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari hizi zote. Waliwagawa watoto katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake mmoja asiyebadilishwa, na watoto waliokuwa wapole, wasiosumbua, mara wakawa na wivu, wakalia mlezi alipotoka chumbani, wakagombania mapaja yake. Mtu wa haraka angesema mpango umeharibika. Wao walisubiri, na baada ya muda vilio vikapungua, nao watoto wakaanza kusema na kujifunza mambo ambayo walikuwa wamechelewa kuyajua.

Katika nyumba hizo alikuwamo Mskoti mmoja, James Robertson, aliyezaliwa mwaka 1911 katika jamaa ya wafanyakazi karibu na Glasgow, ambaye kazi yake ya kwanza hapo ilikuwa kutia makaa katika tanuri na kutengeneza vilivyovunjika. Anna Freud alikuwa na kanuni kwamba kila aliye nyumbani mwake, awe daktari au mtia makaa, aandike katika vipande vya karatasi lolote alionalo kwa mtoto. Na kanuni hiyo ilimfundisha Robertson kutazama. Mwaka 1948 John Bowlby, tabibu wa akili katika kliniki ya Tavistock, alimwajiri aende hospitalini akachunguze watoto waliotengwa na wazazi wao, naye akaenda wodi ya watoto ya hospitali ya Central Middlesex, akakaa, akatazama.

Alichokiona aliweza kukieleza kwa uchache wa maneno, nacho hakijabatilika mpaka leo. Mtoto aliyetengwa huanza kwa kupinga: hulia kwa nguvu, hutikisa kitanda, hutazama mlango, na kila asikiapo nyayo hudhani ni za mama. Kisha hukata tamaa: kilio hushuka kikawa cha chini na cha mara kwa mara, mtoto akajikunja, akakataa michezo, akaonekana mtiifu. Hatimaye, kama kutengwa kumekuwa kwa muda mrefu, hukana: huchangamka, humchekea kila apitaye, hupokea peremende kutoka kwa yeyote, na mama yake akija humtazama kama mgeni. Hali ya pili ndiyo waliyoiita wauguzi kutulia, na ya tatu ndiyo waliyoiita kupona. Kumbe aliyekuwa akilia alikuwa bado na matumaini. Aliyenyamaza alikuwa ameacha kuita kwa kuwa hakuitikiwa.

Robertson aliyasema hayo mbele ya matabibu, nao hawakumsadiki. Basi akanunua kamera ya sinema ya bei ndogo, ijapokuwa hakuwa na ujuzi wake, akaazimia kuleta ushahidi wa macho. Ili asiambiwe kwamba amechagua mtoto mlizi, jina lilichaguliwa kwa bahati kutoka katika orodha ya waliongojea kulazwa. Na ili asiambiwe kwamba amechagua saa mbaya, alipiga picha katika nyakati zile zile zilizopangwa kila siku, saa ya ukutani ikionekana. Kura ikamwangukia mtoto wa kike wa miaka 2 na miezi 5, ambaye katika filamu huitwa Laura, aliyelazwa siku 8 kwa ajili ya ngiri ya kitovu. Tena bahati ilimpa Robertson mtoto aliyekuwa hodari kujizuia kuliko wa umri wake. Hapigi ukelele. Huuliza kwa sauti ya chini, katikati ya mazungumzo mengine, mama yake yuko wapi. Uso wake hujikaza, kisha huzungumza habari ya kitu kingine. Mama ajapo humgeuzia uso. Na siku ya kutoka hukusanya vitu vyake vyote, akatembea kuelekea mlangoni, akikataa kumshika mama mkono.

Filamu hiyo ilionyeshwa mwezi wa Novemba mwaka 1952 katika Royal Society of Medicine, mjini London, mbele ya mamia ya matabibu na wauguzi, na ghadhabu iliyoifuata ilikuwa kubwa. Wengine walisema kazi yao imetukanwa, wengine wakataka filamu izuiwe, wengine wakashuhudia kwamba katika wodi zao hakuna mtoto wa namna ile. Ila Dermod MacCarthy, tabibu wa watoto wa Amersham, aliyeketi mle akiwa amekasirika kama wenzake, alirudi wodini kwake, na baadaye akakiri kwamba hapo ndipo alipoanza kuwasikia kweli watoto wakilia. Akafungua mlango, na mwaka 1958 filamu ya pili ya Robertson ilichukuliwa katika wodi yake, ikimwonyesha mtoto aliyelazwa pamoja na mama yake. Nampenda MacCarthy kwa ajili hiyo. Watu walioona ni wengi. Aliyeweza kuona kwamba alikuwa haoni, naye ni mkubwa wa kazi mwenye sifa zake, ni adimu.

Mwaka 1956 serikali iliunda kamati chini ya mpasuaji Sir Harry Platt, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1959: wazazi waruhusiwe kumtazama mtoto wakati wowote wa mchana, mama alazwe na mtoto inapowezekana, hasa mtoto aliye chini ya miaka 5, na mtoto asilazwe kabisa iwapo aweza kutibiwa nyumbani. Serikali ilikubali, hospitali zikasitasita. Jambo lilisukumwa na akina mama wenyewe, ambao mwaka 1961, baada ya Robertson kuandika gazetini na kusema katika televisheni, walianzisha chama katika mtaa wa Battersea, wakawa wakienda hospitali moja baada ya nyingine kuuliza saa za kutazama wagonjwa na kuzitangaza. Iliwachukua miaka mingi.

Sasa habari hizi zinatufikia sisi. Mwaka 1954 alifika Kampala mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyelelewa Kanada, ambaye alikuwa amefanya kazi London pamoja na Bowlby na kuyasoma kwa makini maandishi ya Robertson. Mumewe alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Alikuwa na azma ya kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa nyanya yake wakati wa kumwachisha ziwa, ili asahau titi. Lakini alipoingia vijijini alikuta wanaoifuata desturi hiyo ni wachache mno kuweza kuchunguzwa. Badala ya kurudi mikono mitupu, aliamua kutazama jinsi mtoto anavyoshikamana na mama yake, akazitembelea jamaa 26 zenye watoto wachanga 28, muda wa saa mbili kila baada ya majuma mawili, aghalabu alasiri, akiketi sebuleni kama wanavyoketi wageni wa Kiganda.

Alichokikuta kilikamilisha kazi ya mtia makaa. Watoto 16 aliwahesabu kuwa wameshikamana na mama zao kwa salama, 7 kuwa wameshikamana kwa wasiwasi, na 5 kuwa bado hawajashikamana. Na wale wenye salama hawakuwa wakining'inia katika kanga ya mama, kama ambavyo mtu angedhania. Hao ndio waliotambaa mbali zaidi, wakageuka kutazama kama mama yupo, wakarudi wakamgusa, wakaondoka tena. Mama kwao alikuwa bandari. Tena aligundua kwamba mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa urefu na kwa undani, anachopenda, kinachomtisha, anavyolala, aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto asiyelia sana. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu nzima ya siku hizi juu ya mshikamano wa mtoto na mlezi ina mizizi katika sebule zile za Buganda, jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki tungestahili kulifundisha katika vyuo vyetu kwa fahari kuliko tunavyofanya.

Katika hospitali zetu mama hakufukuzwa. Aliyepata kuingia wodi ya watoto, iwe Mombasa au Mwanza, anajua kwamba mama hulala na mwanawe kitandani au juu ya mkeka chini ya kitanda, humnyonyesha, humwogesha, na jamaa huleta uji katika chupa ya chai. Hatukuifikia hali hiyo kwa utafiti. Wauguzi walikuwa wachache, mtoto alikuwa akinyonya, na isingempitikia mtu kwamba mgonjwa aachwe bila mwuguzaji wa damu yake. Hata hivyo kuwapo kwa mama hakutoshi peke yake, na hapa tuna deni letu. Ni sisi tunaomtisha mtoto mtundu kwamba daktari atamchoma sindano, kisha akiugua twampeleka kwa daktari huyo huyo. Ni sisi tunaomwambia kwamba sindano haiumi, hali anajua baada ya dakika moja kwamba tumemdanganya. Na ni sisi tunaomkamata miguu na mikono bila kumweleza neno. Mtoto wa miaka 4 aweza kuambiwa kwamba itauma kidogo, kwamba mama atamshika, na kwamba itakwisha upesi, na kwa kauli hiyo ya kweli atastahimili mengi.

Robertson na mkewe Joyce waliendelea na jambo hilo la maandalizi. Katika miaka ya 1960 waliwapokea nyumbani kwao watoto wadogo wanne, mmoja mmoja, ambao mama zao walikuwa wakienda kujifungua. Walikutana na kila mtoto kabla ya siku yenyewe, wakauliza desturi zake za kula na kulala, wakamruhusu aje na vitu vyake, wakawa wakimtaja mama kila siku na kumwonyesha picha yake. Na Joyce hakuondoka kwake. Watoto hao walihuzunika, lakini hawakuvunjika. Mtoto mwingine wa miezi 17, aliyewekwa siku 9 katika nyumba ya malezi ambamo walezi wema walibadilishana zamu, alivunjika mbele ya kamera, ijapokuwa chakula, usafi na upole havikupungua. Tofauti haikuwa katika wema wa walezi. Ilikuwa katika kuwapo kwa mtu mmoja ambaye mtoto aliweza kumtegemea kuwa ni wake.

Nayasimulia haya kwa sababu mlango ninaouhofia katika nchi zetu si wa wodi, ni wa bweni. Wazazi wenye mapenzi na pupa ya elimu wamewapeleka watoto wadogo mno kulala shuleni, na waliporudi kuwatazama wakafurahi kuambiwa kwamba mtoto amezoea, halii tena. Kijana anayebaleghe hupata huko msaada wa rafiki na mwalimu, na wapo walionawiri. Lakini naye ana hofu zake, za mtihani, za mwili unaobadilika, za dhihaka ya wenzake, na mara nyingi mtu wa kumwambia yuko mbali, hukutana naye siku ya wazazi, uwanjani, mbele za watu. Akina mama wa Battersea waliziuliza hospitali ni saa ngapi mzazi aweza kuingia. Sijui kwa nini bweni lisiulizwe vivyo hivyo, na liulizwe pia ni mtu mzima gani mmoja, kwa jina, aliyekabidhiwa kumjua mtoto huyu. Serikali ya Tanzania ilipiga hatua mwaka 2023, ilipozuia shule kuwalaza bwenini watoto wa elimu ya awali mpaka darasa la nne. Wa darasa la tano waliruhusiwa kubaki, na wengi wao wana umri wa miaka 10 au 11.